Kijana anayeanza kazi ya shimo, tumulinde mikono kwanza

Wakati mvua inanyesha hapa Marabo, njia ya kushuka kwenye shimo inakuwa kama mutu ameipaka sabuni. Wenye mazoea wanajua fasi ya kuweka muguu. Mugeni hajui. Anashuka na mufuko mutupu, anapanda na mufuko umejaa graviye, na siku ya pili ao ya tatu anateleza. Wote wanacheka. Wanasema: "Shimo imekusalimia!" Anasimama, anapangusa matope, anaendelea na kazi. Kama kifundo cha mukono kimevimba, anakificha ndani ya koti.

Sisi wa sendika tumeona hiyo mara nyingi. Na tusidanganye: na sisi tumecheka. Leo tunaandika juu ya kile kicheko na juu ya matunda yake.

Kuna kijana mumoja, jina lake tutaliacha, alikuja kwetu akiwa na miaka 19. Alitaka kutafuta makuta ya mahari na kusaidia wadogo zake kulipa masomo. Siku ya tatu aliteleza na muzigo mugongoni. Akaweka mukono nyuma, kiganja wazi, ili kujizuia. Muzee mumoja wa ekipe akamuvuta mukono, akaukanda na maji ya moto, akamwambia: "Haujavunjika, juu vidole bado vinacheza." Nyuma ya siku ine kijana akarudi kwenye shimo, juu asiyefanya kazi hana sehemu. Tulipomuuliza alijibu: "Papa, iko sawa, ni maumivu kidogo tu."

Haikukuwa sawa. Miezi ilipita, uvimbe ulishuka, lakini nguvu haikurudi. Leo hawezi kushika mutalimbo, hawezi kukamua nguo, hawezi kubeba ndoo na ule mukono. Ni mukono wa kuume. Amerudi kwa mama yake, na mahari imebaki maneno. Hakuna mutu aliyemuandika katika kitabu chochote cha watu walioumia, juu hakukufa na hakukatwa kitu.

Kila mutu anasema juu ya mashimo yanayoanguka, na ni haki. Sisi wote tunakumbuka Kamituga, Septemba 2020, wakati maji ya mvua yaliingia kwenye shimo na makumi ya ndugu zetu hawakutoka. Sheria pia inaangalia upande ule: muchimbaji wa kienyeji haruhusiwi kushuka chini ya metre 30. Lakini ajali inayopunguza vijana wetu polepole iko ndogo, haina kelele, na inaanza na muguu kuteleza. Sisi tunasema hivi: kifundo cha mukono cha kijana anayeanza ni kazi ya ekipe nzima na ya PDG wake, si shida yake peke yake. Na dawa yake nyingi haiombi makuta mengi.

Tueleze kwanza namna kifundo kinavyovunjika, juu wengi wanafikiri ni bahati mbaya tu. Mutu akianguka, mukono unatangulia wenyewe. Ndivyo mwili umeumbwa: unataka kulinda kichwa. Mukono unanyooka, kiganja kinafunguka, na uzito wote wa mwili pamoja na uzito wa mufuko unafika kwenye fasi moja ndogo. Muganga mumoja wa muji wa Dublin, Abraham Colles, aliandika juu ya huo uvunjikaji tangu mwaka wa 1814. Mufupa mukubwa wa mukono, ule wa upande wa kidole gumba, unavunjika karibu na kiganja, na mukono unapinda kama uma wa kulia chakula. Huo kila mutu anauona. Mugonjwa analia na anapelekwa hospitali.

Ila kuna mufupa mwingine, na huo ndio uliomuharibia maisha kijana wetu. Simamisha kidole gumba chako juu. Karibu na kifundo utaona kishimo kidogo kati ya kamba mbili za nyama. Chini ya kishimo kile kuna mufupa mudogo, kadiri ya karanga iliyo ndani ya ganda lake. Waganga wanauita skafoidi, maana yake mufupa wenye umbo la mashua. Huo ukivunjika, mukono haupindi. Uvimbe unaweza kuwa kidogo. Vidole vinacheza kabisa. Njo maana yule muzee alikosea: vidole kucheza haimaanishi kwamba mufupa uko muzima.

Na kuna jambo baya zaidi. Damu ya mufupa huo inaingia zaidi kwa upande mumoja, ule wa karibu na vidole. Ukivunjika katikati, kipande cha upande mwingine kinaweza kukosa damu. Kisipotulizwa, hakiungi. Kinaweza kufa ndani ya mukono, na nyuma yake kifundo chote kinaharibika. Kama kijana amewekwa plata mapema, mara nyingi unaunga. Kama amerudi kupiga mutalimbo siku ya ine, anausaga yeye mwenyewe.

Sasa, juu ya nini wageni zaidi ya wazee? Tutoe mufano wa mbali kidogo. Kule Ulaya kuna muchezo wa kusimama juu ya ubao na kuteleza kwenye theluji, kama ile iliyo juu ya Ruwenzori. Wanaoujifunza wanaanguka sana, na kifundo cha mukono ndicho wanachoumia sana. Waganga wa inchi ya Norwe walichukua watu 5 029 wa muchezo huo, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilivalishwa kikinga kigumu kwenye kifundo, lingine hapana. Matokeo yalitoka mwaka wa 2001: waliovaa, walioumia kifundo walikuwa 8, wasiovaa, 29. Na wanaoanza ndio walio kwenye hatari kubwa.

Wale wako kwenye muchezo, wamelipa feza yao ili wateleze. Sisi tuko tunatafuta chakula. Lakini mufupa ni ule ule, na kuanguka ni kule kule. Kama watu wanaocheza wamekaa chini na kutafuta namna ya kulinda mikono ya wanaojifunza, sisi ambao mukono ndio shamba letu tunangojea nini?

Hapa tuseme kitu kwa vijana. Tunawaona wengi wanazungusha mupira wa shambreri kwenye kifundo, wakisema ni kinga. Ndugu, ule mupira unakutia joto na kukupa moyo, ni hayo tu. Kikinga cha wale wa Norwe kina kitu kigumu ndani kinachopokea pigo. Mupira laini haupokei pigo lolote. Na ukiukaza sana unazuia damu, vidole vinakufa ganzi, unashindwa kushika vizuri, na hapo njo unaanguka. Hatusemi tununue vikinga vya Ulaya. Na kikinga kigumu kingemusumbua mutu anayeshika mutalimbo. Kinga yetu ni njia, muzigo, na mafundisho.

Njia kwanza. Ekipe ya watu sita, asubuhi moja tu, inaweza kukata ngazi kwenye muteremko, kuweka muti mbele ya kila ngazi ili udongo usiondoke, na kuchimba mufereji kandokando ili maji yapite huko. Wafunge kamba kwenye vigingi, ya kushikilia. Lakini mumufundishe mugeni: kamba inashikwa na kiganja, haizungushwi kwenye kifundo. Aliyeizungusha akianguka, kamba inabaki na mukono wake, na mwili unaenda.

Muzigo wa pili. Wiki mbili za kwanza, mugeni abebe nusu ya mufuko. Si huruma, ni hesabu. Anayebeba nusu kwa wiki mbili atabeba mizima kwa miaka. Na mufuko usifungwe mwilini kwa namna ambayo hawezi kuuacha. Akiteleza, aachilie muzigo. Graviye itazolewa tena. Tunajua kuna ekipe ambazo mutu akimwaga mufuko anatukanwa mbele ya watu. Matusi hayo njo yanamufanya kijana akumbatie mufuko badala ya kujiokoa.

Ya tatu, kuanguka kunafundishwa. Utasema: sendika imekosa kazi, inafundisha watu wazima kuanguka! Lakini wanaofundisha ule muchezo wa theluji wanaanza na hilo, na wanaofundisha judo vilevile. Ukianguka mbele, funga ngumi, kunja kidogo viwiko, pokea udongo na mukono wote toka kiwiko mpaka ngumi, si na kiganja wazi kilichonyooka. Ukianguka nyuma, usitupe mikono nyuma. Kunja magoti, shuka na makalio, vuta kidevu kifuani, jiviringishe kwenye mugongo kama nafasi iko. Hii mutu anaijaribu kwenye majani, mara kumi, bila muzigo, mbele ya kushuka siku ya kwanza. Mwili unaizoea. Ukingojea kufikiri wakati unaanguka, umechelewa.

Ya ine ni moteri. Pale wanaposaga mawe, kuna moteri zinazowashwa na manivela. Kila fundi anajua kwamba manivela inaweza kurudi nyuma na nguvu kubwa. Ikirudi wakati kidole gumba kimeizunguka, inavunja mukono. Kidole gumba kikae upande mumoja na vidole vingine, ili manivela ikirudi itoke yenyewe. Na mugeni asiwashe moteri wiki ya kwanza, hata kama anataka kujionyesha.

Sasa mutu ameanguka. Tufanye nini? Mupeleke kivulini, akae. Toa pete, saa na bangili haraka, mbele uvimbe haujafika. Usimuvute, usimukande, usimuambie azungushe mukono ili muone. Chukua mbao mbili nyepesi ao kartoni ngumu, weka kitambaa ndani, ufunge toka karibu na kiwiko mpaka kwenye kiganja, bila kukaza. Vidole vibaki wazi ili muvione. Muninginize mukono na kikwembe shingoni. Kisha angalia vidole: vikiwa baridi, vikibadilika rangi, ao akisema havisikii, legeza mara moja na mumukimbize hospitali. Kama kuna kidonda juu ya fasi iliyovunjika, kifunike na kitambaa safi, na musingoje kesho.

Hata kama mukono haukupinda, gusa kile kishimo cha chini ya kidole gumba. Akishituka kwa maumivu, muhesabu kwamba mufupa umevunjika mpaka radio ionyeshe tofauti. Na hapa tunaomba familia musikie vizuri: radio ya siku ya kwanza inaweza kuonyesha hakuna kitu, na bado mufupa uwe umepasuka. Muganga akisema mukono ufungwe na murudi nyuma ya siku 10 mpaka 14 kwa radio ingine, si kwamba anatafuta makuta yenu. Ni wakati ule mupasuko unaweza kuonekana. Plata ya mufupa huo inaweza kukaa wiki 6 mpaka 12. Ni muda murefu, tunajua. Ila mukono ulioharibika unakaa muda wote wa maisha.

Juu ya wazee wetu wanaounga mifupa, hatuwatukani. Wengi wametusaidia wakati barabara ilifungwa na hakukuwa na namna ya kufika popote. Tunawaomba vitu viwili. Kwanza, musivute mukono ambao haujapigwa radio kama hospitali inafikika. Toka Marabo, Nyankunde haiko mbali, na Bunia moto inafika. Pili, musikaze miti mpaka damu isimame. Mukono uliofungwa sana unaweza kuoza, na hapo muganga wa hospitali atabaki na kazi ya kukata tu.

Tumefika kwa neno gumu, ambalo ni makuta. Kijana wetu alirudi kwenye shimo siku ya ine juu ya nini? Si juu ya ujinga. Alirudi kwa sababu dhahabu inagawanywa kwa waliofanya kazi, na yeye alikuwa mugeni ambaye bado hana jina katika ekipe. Kama kusema ukweli kunakunyima chakula, utasema uongo. Sisi tungefanya vilevile. Kwa hiyo mafundisho yote tuliyoyaandika juu hayana nguvu kama mutu aliyeumia anapoteza sehemu yake siku ile ile.

Tunachoomba ni hiki. Kila ekipe, kila wakati wa kugawanya, itoe kitu kidogo mbele ya kugawa, kadiri watakavyopatana, na kiwekwe kwenye sanduku la walioumia. Sanduku liwe na funguo mbili, moja kwa PDG, moja kwa mutu aliyechaguliwa na wachimbaji wenyewe, na daftari ambalo kila mutu anaweza kulisoma. Makuta yale yalipe moto ya kwenda hospitali, radio ya kwanza na ya pili, plata, na chakula cha nyumba wakati mukono umefungwa. Na aliyeumia asifukuzwe. Kuna kazi za mukono mumoja: kuandika mifuko inayotoka, kulinda vyombo, kuangalia njia na kamba.

Tumeongea na ma-PDG kadhaa. Mumoja alituambia: "Nyie munataka nilishe watu wasiochimba. Mimi mwenyewe niko na deni kwa negosian." Tunaelewa deni. PDG naye ananunua mafuta ya motopompe na chakula cha ekipe miezi mingi mbele ya kuona graviye. Lakini tumujibu na hesabu yake mwenyewe. Motopompe ikiharibika, anatafuta fundi siku ile ile, na halalamiki kwamba analisha mashini isiyofanya kazi. Mukono wa muchimbaji uko na thamani gani chini ya motopompe? Na kijana aliyezoea shimo, anayejua udongo wa pale, akiondoka, PDG anachukua mugeni mwingine, ambaye naye ataanguka siku ya tatu.

Wengine, na si ma-PDG tu, wanasema: "Sisi tulianza bila ngazi, bila kamba, bila hadisi hizi, na tuko hapa." Ndiyo, muko hapa. Wale ambao mikono yao iliharibika hawako hapa kujibu. Wako vijijini.

Kwa serikali tuna neno fupi. Anayefanya kazi ya mushahara kwenye kampuni, kampuni inapashwa kumuandikisha kwa CNSS, na akiumia kazini kuna fasi ya kudai. Sisi hatuna patro wa kutuandikisha. Code minier iliyobadilishwa mwaka wa 2018 inatutaka tuingie katika koperative, na SAEMAPE imewekwa kwa kutusindikiza. Vizuri. Basi kusindikiza kusiwe kuhesabu graviye tu. Ajenti akija kwenye shimo, aulize pia: njia iko na ngazi? Wageni wa mwezi huu ni nani, na nani aliwafundisha? Sanduku la walioumia liko wapi? Na koperative ambayo haina jibu isijiite koperative.

Kwa mama na wake zetu: ninyi ndio munaona mukono jioni. Kama kijana anakula na mukono wa kushoto wakati yeye si wa kushoto, kama anaomba mutoto amufungie viatu, kama anashika kikombe na mikono miwili, musikubali "iko sawa." Muguse kile kishimo cha kidole gumba. Mama wa yule kijana alituambia kwamba aliona vile vyote wiki ya kwanza, ila hakujua maana yake. Tumeandika ili mama mwingine ajue.

Na kwako kijana unayefikiria kuanza, kama umefikisha miaka 18 na umeamua: siku ya kwanza, mbele ya kushika mufuko, uliza njia iko wapi, kamba iko wapi, na mukono ukivunjika nani analipa. Wakicheka, waache wacheke. Sisi wa sendika hatutacheka tena. Na kwenye shimo letu wenyewe tumeanza: ngazi zimekatwa, kamba iko, sanduku liko na funguo mbili. Anayetaka kuona aje asubuhi, mbele ya mvua.